Nilivyomtafuta Kereng'ende wa Salma mpaka Mkwaja

Wenzangu wa kahawa,

Tangu nirudi mnaniuliza jambo moja tu: mtu mzima wa miaka sitini na mitatu alikuwa anakwenda wapi Jumanne asubuhi na pikipiki, huku nyuma kafunga ufito wenye chandarua? Mmoja wenu alisema nimeingia uganga. Mwingine akasema nimefukuzwa nyumbani na nimepewa chandarua changu. Hilo la pili mke wangu, Mama Fatuma, amelisikia, na ana maneno na aliyelisema. Naandika ili nisimulie mara moja, maana kila nikianza kusimulia mnaniingilia kabla sijavuka hata Tongoni.

Dada yangu Salma mnamjua. Amefundisha bayolojia mpaka kustaafu, na mpaka leo akiona mdudu husimama katikati ya njia. Bibi yetu alituachia kipande cha msitu karibu na Mkwaja, na warithi tuliobaki ni watatu. Kaka Omari, mkubwa wetu, amepata mtu wa kununua, anayetaka kufyeka na kujenga vibanda vya wageni. Salma hataki. Anataka msitu ubaki, ajenge vyumba viwili ukingoni, azeekee pale. Mimi ndiye wa tatu, kwa hiyo saini yangu ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa.

Hoja ya Salma ilikuwa picha moja katika simu yake: kereng'ende mrefu, mwembamba kama kijiti cha ufagio, amejishikiza kwenye tawi ndani ya msitu wetu. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Salma alidai huyu si kereng'ende wa kila siku, na kwamba msitu wenye huyu haufyekwi. Mimi nikamjibu kitaalamu, maana miaka yote niliyokuwa bwana afya nilishughulika na mbu, na mbu na kereng'ende ni majirani. Nikamwambia kereng'ende hutaga kwenye maji baridi, na mtoto wake hukaa majini mpaka aote mbawa. Msitu wa bibi hauna mto, hauna bwawa, na kisima kiko mbali. Kwa hiyo mdudu wake alikuwa mpita njia.

"Nionyeshe maji anamozaliwa," nilisema mbele ya Omari, "nami sitii saini."

Nilidhani nimemaliza mjadala. Wiki ileile Salma akateleza bafuni akavunjika mguu. Omari akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Salma hata hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Basi utakwenda wewe, kaka. Kikao ni Ijumaa baada ya swala. Kama maji hayapo, nitatia saini mwenyewe, wa kwanza."

Alilisema hilo taratibu, na ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa anaogopa.

Kutoka Ngamiani mpaka Kigombe

Nilitoka na kimia nilichokishona mwenyewe kwa chandarua, chupa tupu ya jamu, na mafunzo ya Salma. Alinifundisha hivi: kereng'ende wanene hutua na mbawa wamezitandaza, wakati wale wembamba wengi huzikunja mgongoni. Watoto wao wa majini nao hutofautiana. Yule wa wembamba ana vimkia vitatu bapa nyuma. "Vitatu," alisema, akanionyesha vidole, kama vile kuhesabu sikufundishwa.

Pale Kigombe mnyororo wa pikipiki ukakatika. Nikaikokota mpaka kwa fundi, na njiani nikaona jambo la ajabu. Kila nilipopita, mwanamke alitoka mlangoni akamwaga ndoo. Mwingine akapindua chungu cha kuku. Mama mmoja aliyekuwa na pipa kubwa alilikalia juu, akatandaza kanga yake, akaniamkia kwa heshima kubwa.

"Shikamoo Bwana Afya. Hapa hakuna maji yaliyotuama."

"Marahaba. Mimi nimestaafu, mama. Mwaka wa tatu huu."

"Ehee. Na hicho chandarua?"

"Namtafuta kereng'ende."

Alimtazama jirani yake. "Sasa wamehamia kwa kereng'ende," alisema.

Habari hiyo ilinitangulia kwa fundi. Fundi aliniuliza, huku akigonga mnyororo, kama ni kweli serikali imepiga marufuku kereng'ende, na kama hao walio kwenye mashamba ya mkonge nao wamo. Nikamwambia hapana. Akasema anaelewa, siri za kazi. Nilikaa kwake saa mbili, nikala muhogo wa nazi na papa kutoka kwa yule mama wa pipa, ambaye alikataa katakata kunyanyuka nilipomtania kwamba nataka kunawa. Muhogo ulikuwa laini, tui zito, na pilipili yake iliniondolea mafua niliyotoka nayo nyumbani.

Pangani, na ng'ombe aliyegoma

Nilifika Pangani jua limepinda. Kivuko kilikuwa upande wetu na watu wamekwisha kupanda, ila ng'ombe mmoja alisimama na miguu ya mbele chomboni, ya nyuma nchi kavu. Hakutaka kuingia, hakutaka kutoka. Mwenye ng'ombe alimvuta, abiria wakamsukuma, kila mmoja akatoa shauri. Mzee mmoja wa Kibondei alisema ng'ombe hasukumwi, huombwa radhi. Akamshika sikio, akamnong'oneza. Ng'ombe akarudi kinyumenyume mpaka sokoni, na mwenyewe akamfuata mbio.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia Bweni hakuna bucha. Hakuniamini."

Tulivuka bila ng'ombe. Nikalala Bweni kwa binamu ya mke wangu, aliyenipa bada, ugali wa muhogo wa moto, na changu wa kuchoma, akanisikiliza habari za kereng'ende mpaka mwisho bila kucheka, kisha akaniuliza kwa upole kama kustaafu kumenikaa vizuri.

Ushongo, na kimia cha Mzee Hamadi

Jumatano asubuhi nilichepuka Ushongo, kwa sababu niliambiwa kuna dimbwi la maji baridi nyuma ya minazi. Nikasema nijizoeze kwanza. Na kweli, dimbwi lilikuwa limejaa kereng'ende: wekundu kama pilipili, wa buluu, wa rangi ya asali. Niliruka nao nusu saa, kimia kikipita huku, wao wakipita kule. Niliponyanyua kichwa, ukingoni alikuwa amesimama mzee mwenye kofia ya kazi ya mkono, mikono nyuma.

"Shikamoo," nikasema, maana alinizidi umri.

"Marahaba. Kimia hicho nani kakishona?"

"Mimi mwenyewe."

"Naona. Nilidhani kimepata ajali."

Alikuwa Mzee Hamadi, mshona nyavu. Alinieleza kwamba mdomo wa kimia changu ni mpana na mfuko wake mfupi, kwa hiyo kila anayeingia hugeuka akatoka. Nikamshukuru kwa maelezo, nikataka kuendelea. Haikuwezekana. Alikwisha kukichukua. Akasema mtu akipita Ushongo na kimia kama kile, kesho watu watasema nyavu za Ushongo ndizo hizo. Akakaa kibarazani kwake, akakifumua chote, akaanza upya. Mimi nikakaa pembeni na chai ya mchaichai na mkate wa kumimina wa mkewe, nikitazama saa. Kila nilipotikisa mguu aliniambia haraka haraka haina baraka, kisha akasimamisha sindano anisimulie habari za shemeji yake wa Kipumbwi.

Alimaliza alasiri. Kimia kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyoona, na kwa pigo la kwanza nikamkamata kereng'ende mwekundu. Nikampiga picha, nikamtumia Salma kwa furaha. Jibu lilikuja hapohapo kwa sauti.

"Kaka, huyo ametandaza mbawa na ni mnene kama kidole chako. Hao wako kila dimbwi, hata nyuma ya sokoni hapa Ngamiani. Umetoka Tanga mpaka Ushongo kunipigia picha ya jirani yangu?"

Mzee Hamadi alisikia. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikamwachia mdudu, akaruka akatua juu ya kile kimia kipya.

Kwenda Mkwaja

Njia ya kusini ilikuwa na mchanga mwingi, na pikipiki ilienda upande upande kama kaa. Kwenye kila kijito nilisimama, nikachota, nikatazama kwenye chupa ya jamu. Nilipata samaki wadogo, viluwiluwi vya chura, na pahali pamoja kiatu cha mtoto. Vimkia vitatu nilivipata mara moja, karibu na Sange, nikainua kichwa haraka. Lakini aliyekuwa akiruka juu ya kijito kile alikuwa mdogo wa kijani, si mrefu wa kwenye picha. Nikaanza kuelewa kazi ya Salma. Mimi miaka yote nikitazama maji nilitafuta kitu kimoja tu, mbu, na nikimkosa husema hamna kitu.

Nilifika kijijini giza likiingia, nikapokelewa nyumbani kwa Bi Mwanahamisi, aliyekuwa rafiki ya bibi yetu na ndiye anayetuangalizia msitu. Ana miaka inayokaribia themanini na macho ya mtu wa ishirini. Nilipomwamkia aliitikia "marahaba, mwanangu," lakini alinitazama namna ya mtu anayekagua mlango kama umefungwa. Nikafikiri ni uchovu wake.

Ndani ya msitu wa bibi

Alhamisi asubuhi niliingia msituni peke yangu. Nilizunguka mpaka saa nne. Hakuna kijito, hakuna dimbwi, majani makavu tu chini ya miguu. Nikakaa kwenye mzizi wa mvule mkubwa, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Salma. Nilitafuta maneno mazuri na sikuyapata, kwa sababu hakuna neno zuri la kumwambia mtu kwamba nyumba yake ya uzeeni haitajengwa.

Hapo akanipita mbele ya uso. Mrefu, mwembamba, akiruka polepole kivulini, na kweli alikuwa mkubwa kuliko wembamba wote niliowaona njiani. Alikwenda kwenye utando wa buibui, akasimama hewani, akamnyofoa buibui pale katikati, akatua kwenye tawi kumla. Sikukumbuka kimia. Nilikumbuka simu. Nikapiga picha sita, mbawa zikaonekana zote.

Sasa mtandao. Msituni haupo, kijijini unakuja na kuondoka. Nikaambiwa unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya madrasa, ukisimama kwa mguu mmoja ukatazama Pemba. Nikapanda, nikasimama, picha zikaenda. Nilisubiri jibu saa nzima, huku wapita njia wakinisalimia na kuniuliza kama nimeweka nadhiri. Hatimaye sauti ya Salma ikaja, anahema.

"Kaka! Nimemwona kwenye kitabu. Ni yeye, mbawa ni zilezile. Acha mito, acha madimbwi! Huyu hazaliwi mtoni. Anataga kwenye maji ya mvua yanayokaa ndani ya tundu za miti. Mtoto wake anakulia humo humo mtini, anakula viluwiluwi vya mbu. Kaka, unanisikia? Tafuta miti yenye tundu!"

Nilimsikia vizuri sana. Nilishuka kichuguu kile.

Mnakumbuka ile kampeni yangu ya mwisho kabla ya kustaafu? Tulipita vijiji vyote vya pwani hii na kuamuru kila kinachoweka maji kimwagwe au kizibwe: matairi, vifuu, na tundu za miti. Tundu tulizijaza mchanga. Na ili watu waone kwamba sina upendeleo, nilianzia msitu wa bibi yangu mwenyewe. Salma alikuwa likizo siku hiyo. Aliniuliza, "Kaka, umetazama humo kuna nini kabla ya kujaza?" Nikacheka, nikamwambia kuna malaria.

Nikarudi msituni, nikaenda mti mmoja mmoja. Nilizikumbuka zote. Kila tundu nililoingiza mkono nilikuta mchanga wangu, mkavu, umeshikana. Kumi na moja. Sijawahi kusikitika kwa kazi yangu kufanywa vizuri, lakini siku ile nilisikitika.

Bi Mwanahamisi alinikuta kwenye ule wa kumi na moja, mkono umeingia mpaka kiwikoni.

"Umekuja kukagua?" akauliza.

"Hapana, bibi. Natafuta lenye maji."

"La kulijaza?"

Nikamweleza yote: mdudu, Salma, kikao cha Ijumaa. Nilieleza hata kwamba nilikosea, na neno hilo lilinitoka kwa shida, kwa kuwa halikuwa na mazoezi. Alinipima kwa macho. Kisha akakunjua pindo la kanga, akatoa humo kata ndogo ya kifuu.

"Njoo. Vua viatu."

Alinipeleka kwenye mvule ulioko bondeni kabisa, nyuma ya mabugu yanayotambaa mitini. Kwenye panda yake, pale shina linapogawanyika, usawa wa kifua, palikuwa na tundu lililojaa maji meusi kama chai ya rangi.

"Hili nililijaza," nikasema. "Nakumbuka. Nililijaza mwenyewe!"

"Ulilijaza, mwanangu. Ulituamkia vizuri, ukatutisha vizuri, nasi tukakuitikia vizuri. Ulipowasha pikipiki nikauzoa mchanga wako kwa kata hii. Siku tatu."

"Kwa nini hili tu?"

"Kwa sababu mikono ni miwili. Haya ni maji yasiyogusa ardhi. Mtoto anayechelewa kusimama tunamwogesha haya, asimame kama mti. Ningewaambia nini kina mama? Bwana Afya kasema watoto wakae?"

Mimi, mtu niliyetumia maisha yangu kuwakataza watu maji kama yale, nilisimama peku mbele ya tundu nikatoa salamu, maana ndiyo adabu yake. Bi Mwanahamisi akachota. Ndani ya kata, juu ya matope na vipande vya majani, kiumbe cha rangi ya udongo kikajinyoosha, kikapiga mkia. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Vitatu. Kikageuka mara moja, kikadaka kiluwiluwi cha mbu kilichokuwa pembeni, kikakila mbele ya bwana afya.

Nilifungua chupa ya jamu. Bi Mwanahamisi akaivuta kata.

"Kilicho hai hurudi."

"Bibi, ni ushahidi. Kaka Omari haamini picha."

"Tunaogeshea watoto, mwanangu. Ukitoa kilicho hai humu, unamwombea nini mtoto wa mwenzio? Piga picha yako, kirudi."

Sikubishana. Nilipiga picha. Akakirudisha taratibu, bila kumwaga hata tone.

Kurudi, na kikao

Nilisafiri Ijumaa alfajiri bila kusimama popote, isipokuwa kivukoni na pale Kigombe, ambako yule mama alikuwa bado juu ya pipa, au amekwenda akarudi, sijui. Nilifika Ngamiani swala imekwisha, na vumbi langu lote nikaingia sebuleni kwa Omari. Karatasi zilikuwa mezani. Salma alikuwa kwenye kochi, mguu wenye plasta juu ya kigoda. Alinitazama usoni tu.

Nikawaonyesha. Omari alivaa miwani, akaikuza picha, akaipunguza.

"Mdudu mmoja," akasema. "Mti mmoja. Sawa, mwambie mnunuzi auache huo mti. Tuuze uliobaki."

Lilikuwa jambo la maana, na mtu angeweza kulikubali. Salma alifumba macho. Nikajua nikinyamaza hapo limekwisha, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa sababu nilichotaka kuonyeshwa nilikuwa nimekionyesha mwenyewe.

"Ni mti mmoja kwa sababu mimi nilijaza mingine," nikasema. "Kumi na moja, kaka. Humo walikuwamo wadudu wanaokula mbu, nami kazi yangu ilikuwa kuua mbu. Nikawafukia na mchanga. Salma aliniuliza siku ile, nikamcheka. Sitii saini, si kwa mti mmoja. Kwa msitu wote."

Omari alinitazama sana. Hajawahi kunisikia nikisema nimekosea, na sisi tumekua chumba kimoja. Akavua miwani, akazikunja karatasi, akasema yeye ndiye atakayemwambia mnunuzi, maana mimi sina maneno mazuri. Kisha akaenda ndani kuagiza pilau iletwe, kama mtu aliyeshindwa kwenye bao.

Salma alikuwa akilia. Alijifuta kwa ncha ya mtandio, akavuta pumzi, na sauti ya mwalimu ikamrudia.

"Huo mchanga utauzoa lini?"

"Jumapili. Bi Mwanahamisi kasema ataniazima kata."

"Nitakuja kusimamia."

"Na huo mguu?"

"Mguu ndio wenye plasta, kaka, macho hayana. Safari hii kila tundu utatazama kwanza."